Kabla hujamfunga kamba kijana wako

Ukitoka Mikumi kwa basi, ukishalipita Bonde la Mibuyu, joto lenyewe hukwambia kwamba umekaribia Ruaha Mbuyuni. Hapo ndipo mkoa wa Iringa unapoanzia kwa anayetokea Morogoro. Malori ya kwenda Tunduma, Zambia na Kongo huegeshwa hapo kabla ya kuukabili Mlima Kitonga, na basi likisimama tu, vitunguu vinainuliwa hadi madirishani. Wengi wetu tunapakumbuka kwa vitunguu hivyo. Mimi sasa napakumbuka kwa swali niliuloulizwa na mama mmoja muuzaji, tulipokwisha salimiana na akajua kwamba naandika mambo ya afya.

"Dada, hivi mtu akimfunga mwanawe kamba ndani, asitoke kwenda kuvuta, atashitakiwa?"

Hakuwa anatania. Kamba alikuwa nayo, ile ya manila ya kufungia magunia. Mwanawe ana miaka 18. Aliacha shule akiwa kidato cha tatu, akawa kibarua wa kupakia vitunguu kwenye mafuso. Alianza na pombe kali ya chupa ndogo, kisha bangi, na sasa vyote viwili kila siku. Ameuza simu ya mama yake, ameuza pampu ya jirani, na wiki ile alikuwa amemnyanyulia mkono mdogo wake. (Habari zake nimezibadili kidogo ili asitambulike, na mama ameniruhusu kuziandika.)

Usidhani mama huyu alikaa tu. Mjomba alimchapa kijana mara mbili. Walikwenda kwa mganga, walikwenda kwenye maombi. Walimpeleka Makambako kwa baba yake mdogo "abadili mazingira", na kabla wiki haijaisha alikuwa ameshakijua kijiwe cha huko. Walimpeleka pia kwenye kituo kimoja cha afya, ambako aliyewapokea aliuliza kwa sauti mbele ya foleni nzima, "Wewe ndiye mvuta bangi?" Kijana aligeuka akaondoka. Tangu siku hiyo hataki kusikia neno hospitali.

Nilimuuliza mama swali moja tu: ilianza lini hasa? Akafikiri. Akasema ilianza miezi michache baada ya kaka mkubwa wa kijana kufa kwa ajali ya gari. Kijana alikuwa halali usiku. Alimwambia mama yake kwamba bangi inamletea usingizi. "Nikamwambia aache uongo," alisema mama, akanyamaza.

Ndugu mzazi unayesoma safu hii, inawezekana na wewe una kamba yako. Labda si ya manila. Labda ni kufuli la mlango wa nje, au tiketi ya basi ya kumpeleka kwa shangazi yake Dar es Salaam, au kauli ya "ukirudi umelewa usinijue". Sikulaumu. Mtu akifika hapo ujue amechoka. Lakini msimamo wa safu hii ni huu: kijana anayetumia kilevi huku akili yake inaumia anahitaji matibabu, na sehemu kubwa ya matibabu hayo ni mazungumzo yenye utaratibu, yanayofanywa na mtu aliyefundishwa. Na matibabu hayo yanatakiwa yamfikie alipo, badala ya yeye kuyafuata mji wa mbali.

Nianze na hatari ya kamba yenyewe, maana hiyo haisubiri. Kijana anayekunywa pombe nyingi kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kutapika, kutokwa jasho, na katika siku mbili tatu za mwanzo akapata degedege au akachanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Anatakiwa kuachishwa pombe chini ya uangalizi wa daktari, kwa dawa za kutuliza na vitamini, na kumfungia chumbani kunamnyima vyote hivyo. Bangi haina hatari ya namna hiyo inapokatishwa, ingawa atakosa usingizi, atakosa hamu ya kula na atakuwa mkali kwa wiki moja au mbili. Vijana wenyewe huiita hali hii arosto. Mzazi asiyeijua huiona kuwa kiburi kipya, akaongeza kiboko.

Sasa tuje kwenye akili. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuambia "ngoja kwanza, fikiria kesho", huendelea kukomaa mpaka mtu anapofika katikati ya miaka ya ishirini. Kilevi kinachoingia kabla ya hapo kinaikuta nyumba haijaezekwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mmoja kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa hesabu hiyo, darasa la wanafunzi 45 lina sita au zaidi. Baadhi yao wana sonona, yaani huzuni isiyoondoka, inayomfanya mtu asione ladha ya kitu chochote. Wengine wana wasiwasi unaowabana kifua. Wengine wamefiwa, wamebakwa, au wamekua wakimwona baba akimpiga mama. Na kilevi kipo mkono wa karibu kuliko mshauri. Kule juu milimani Kilolo ulanzi unagemwa nyuma ya nyumba. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku Machi 1, 2017, lakini asiyejua kwamba chupa ndogo za plastiki zilichukua nafasi yake hajapita stendi yoyote ya mabasi.

Kwa hiyo swali la "anavuta kwa sababu anaumwa, au anaumwa kwa sababu anavuta?" mara nyingi lina majibu mawili kwa pamoja. Kijana anavuta ili alale. Baada ya miezi hawezi kulala bila kuvuta. Huzuni inarudi ikiwa nzito zaidi, naye anaongeza kipimo. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kwamba mambo haya mawili yatibiwe pamoja. Ukimwambia "acha kwanza bangi ndipo tuzungumze huzuni yako", unamtaka atupe fimbo kabla mguu haujafungwa plasta.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji kusubiri miadi. Bangi nyingi, hasa ile kali inayoitwa skanka, na hasa kwa walioanza wakiwa wadogo au wenye historia ya ugonjwa wa akili katika ukoo, huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa mkali wa akili. Kijana akianza kusikia sauti ambazo wewe huzisikii, akishuku kwamba mnamtilia sumu kwenye chakula, akiacha kuoga na kuzungumza peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hapo mazungumzo peke yake hayatoshi. Atahitaji dawa, na akianza mapema nafasi yake ya kurudi katika hali nzuri ni kubwa zaidi.

Utajuaje kama matumizi ya mwanao yamefika mahali pa kuhitaji msaada? Kuna maswali sita yanayotumiwa na wataalamu katika nchi nyingi kwa vijana, na nayaweka hapa kwa lugha ya nyumbani. Je, amewahi kupanda gari au pikipiki iliyoendeshwa na mtu aliyelewa, au kuendesha mwenyewe akiwa amelewa? Anatumia ili atulie, ajisikie vizuri au akubalike na wenzake? Anatumia akiwa peke yake? Amewahi kusahau aliyoyafanya akiwa amelewa? Ndugu au marafiki wamewahi kumwambia apunguze? Amewahi kuingia matatani kwa sababu ya kilevi? Majibu mawili ya "ndiyo" yanatosha kumtafutia mtaalamu. Lakini angalia wakati unaouliza. Usimuulize akiwa amelewa. Usimuulize mbele ya mjomba mwenye fimbo. Asubuhi, mkiwa mnamwagilia bustani au mnachambua vitunguu, mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani, vijana husema mengi.

Nikitaja tiba ya mazungumzo, wazazi wengi hudhani nazungumzia mawaidha. Mawaidha amepewa ya kutosha: na mjomba, na mwalimu, na mchungaji au shehe, na mwenyekiti wa kitongoji. Kama mawaidha yangetibu, angekuwa amepona. Mtaalamu wa saikolojia, au muuguzi aliyefundishwa ushauri nasaha, hafanyi kazi hiyo. Katika kikao cha kwanza hamwambii kijana aache. Anamuuliza kilevi kinampa nini. Swali hili huwashangaza wazazi, wengine hukasirika kabisa, lakini lina maana. Kijana akishasema "kinanipa usingizi, kinaniondolea picha ya kaka", ndipo anapoweza kuulizwa kinamchukulia nini. Atajibu mwenyewe: fedha, shule, mpira, mdogo wake anayemwogopa siku hizi. Sababu ya kuacha inatoka mdomoni mwake. Iliyotoka mdomoni mwa mama ameizoea.

Vikao vinavyofuata ni kazi ya mikono, kama ufundi wowote. Mtaalamu na kijana wanaifuata siku moja ya kuanguka, hatua kwa hatua. Chukua mfano wa kijana wetu: Jumamosi jioni gari limejaa, tajiri amelipa vibarua fedha taslimu, rafiki fulani yupo, njia ya nyumbani inapita kijiweni, na nyumbani kuna kitanda kitupu cha kaka. Hapo pana viungo vitano vya mnyororo mmoja, na si lazima avishinde vyote, akikata kimoja tu jioni ile inabadilika. Anaweza kulipwa kwa simu, au fedha ikapokelewa na mama. Anaweza kupita njia nyingine. Anafundishwa pia kwamba hamu ya kuvuta ni kama wimbi: hupanda, hufika juu, hushuka, na mara nyingi haizidi nusu saa. Kijana ambaye hajawahi kulisubiri lishuke hudhani litapanda mpaka limuue. Anafundishwa la kufanya katika nusu saa hiyo: kuoga maji ya baridi, kutembea, kumpigia mtu mmoja waliyekubaliana, kuhesabu pumzi. Ukisikia unaweza kucheka. Lakini hii ni tiba iliyopimwa katika tafiti nyingi, na katika mazingira yetu ina sifa nyingine nzuri: haihitaji mashine.

Kisha kuna lile lililo chini ya kilevi. Kwa kijana huyu ni msiba. Hakuna aliyekaa naye akamwacha amlilie kaka yake. Aliambiwa "jikaze, wewe ndiye mwanamume sasa". Nimeisikia sentensi hiyo kwenye misiba mingi, na nadhani imewapeleka vijana wengi vijiweni kuliko marafiki wabaya tunaowalaumu kila siku.

Mzazi, katika tiba hii una nafasi mbili, na zinavutana. Ya kwanza ni kutoka nje. Mtaalamu atakuomba usubiri kwenye benchi, na atakachoambiwa na mwanao hatakurudishia, isipokuwa kama kuna hatari ya kujiua, ya kumdhuru mtu au ya kufanyiwa ukatili. Ukimlazimisha akwambie, au ukimhoji kijana njiani mkirudi, umekivunja kikao. Ya pili ni kuingia ndani ukiitwa. Kwa vijana walio chini ya miaka 18, tiba inayoishirikisha familia ni miongoni mwa zilizoonyesha matokeo mazuri zaidi, kwa sababu kijana anarudi kulala nyumba ile ile. Hapo utaulizwa mambo usiyoyapenda: mnagombanaje, nani anakunywa nyumbani, nani anatumwa dukani kununua. Baba, kama mwanao wa miaka 12 ndiye anayekuletea pombe yako jioni, jua kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe na sigara. Utasema ni yako. Lakini anayeibeba na kuizoea harufu yake ni yeye.

Nisiwasahau mabinti. Katika vituo vya barabarani kama Ruaha Mbuyuni, Ilula au Mafinga, binti wa miaka 17 anayefanya kazi kwa mamantilie au kwenye grosari hunywa kwa sababu mteja anataka anywe naye. Halewi barabarani kama mvulana, kwa hiyo hakuna anayemwona. Ukimwona amekonda, analala mchana, anavaa mikono mirefu kwenye joto lile, usianze na swali la wanaume. Muulize kama anapata usingizi.

Baadhi ya wasomaji wetu wa Mbeya na Tunduma hutuuliza kuhusu unga, yaani heroini. Hiyo ina tiba yake. Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011, na huduma hiyo sasa ipo pia katika mikoa mingine, ikiwemo Mbeya kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na humwezesha mtu kuishi bila arosto wakati ushauri nasaha ukiendelea. Haitibu bangi wala pombe. Nasisitiza kwa sababu wapo wazazi waliopanda basi usiku kucha na kijana anayevuta bangi tu, wakarudi mikono mitupu. Kabla hujafunga safari, piga namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ni bure, uulize huduma inayomfaa mwanao iko wapi karibu na ulipo.

Kwenye simu hiyo hiyo uliza pia kuhusu nyumba za upataji nafuu. Zipo zinazofanya kazi nzuri, na kwa kijana ambaye nyumbani kwake ndiko kuliko na kilevi, miezi michache ya kukaa mbali inaweza kuokoa maisha. Lakini kabla ya kulipa senti yoyote, nenda ukaione. Uliza kama inatambuliwa na Mamlaka. Uliza ni nani hasa anayetoa tiba, amesomea nini, na kama kuna daktari anayefika. Uliza kijana akitaka kuongea na wewe kwa simu inakuwaje. Ukiona minyororo, au ukisikia kwamba "hapa tunawanyoosha", rudi na mwanao. Fimbo na kamba unazo nyumbani, huna haja ya kuzilipia. Na jambo ambalo nyumba nyingi hazisemi ni kwamba wiki za hatari zaidi ni za kurudi. Kwa mtumiaji wa heroini, mwili uliopumzika hauwezi tena kuhimili kipimo cha zamani, na wengi hufa hapo. Kijana anayetoka bila miadi ya kikao cha kwanza huko kwao ameachwa nusu ya safari.

Nina jambo moja kwa nyumba za wakulima, na naomba ulifanye leo kabla ya kulala. Sumu za shamba zinakaa wapi kwako? Ruaha Mbuyuni, kama kwingine kunakolimwa vitunguu na nyanya kwa umwagiliaji, dawa za wadudu huwekwa chini ya kitanda au pembeni ya mlango ili zisiibwe. Kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani, na sumu hizi ni moja ya njia zinazotumika zaidi vijijini. Kijana anapofika hapo, mara nyingi uamuzi huja haraka na kupita haraka. Kinachomwokoa ni kukosa kitu mkononi dakika ile. Nchini Sri Lanka, serikali ilipoanza kupiga marufuku sumu kali zaidi za kilimo, vifo vya kujiua vilishuka sana katika miaka iliyofuata. Wewe huna mamlaka ya serikali, lakini sanduku na kufuli unaweza kuvipata. Ufunguo usikae kwa kijana. Na ukiwa na wasiwasi, muulize waziwazi: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake mpaka mmefika hospitali. Kwa walio chini ya miaka 18 ipo pia namba 116, simu ya kusaidia watoto, nayo ni bure.

Sasa mama yetu aende wapi? Ukiwa Ruaha Mbuyuni, anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, omba kuonana na mganga mfawidhi faraghani, na omba barua ya rufaa. Hospitali ya Ilula iko juu ya Kitonga. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Iringa mjini, mbali zaidi. Hospitali ya taifa ya afya ya akili ni Mirembe, Dodoma, lakini vijana wengi hawahitaji kufika huko. Sema tatizo kwa majina yake yote mawili: anatumia kilevi, na hana usingizi tangu afiwe. Ukisema moja tu, atatibiwa moja.

Na hapa ndipo tunapowageukia wenye mamlaka. Tiba ya mazungumzo inahitaji kurudiwa: vikao sita, nane, kumi na mbili. Kijana wa kibarua hawezi kuupanda na kuushuka Kitonga kila wiki. Nauli ya kwenda na kurudi, ya watu wawili, na siku nzima ya kazi iliyopotea, ni mzigo ambao mama muuza vitunguu ataubeba mara mbili, ya tatu ataacha. Kisha tutaandika kwenye jalada kwamba mgonjwa hakufuata tiba.

Jibu la kwamba hatuna wataalamu wa kutosha ni la kweli, ila halitoshi. Zimbabwe nao hawakuwa nao. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani wahudumu wa afya jijini Harare namna ya kumsaidia mtu kulichambua tatizo lake, wakaketi kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya. Utafiti uliohusisha watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliozungumza na bibi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kenya, kikundi cha Shamiri kiliwafundisha vijana waliomaliza sekondari kuendesha vikao vinne vya saa moja kwa wanafunzi wenye huzuni na wasiwasi. Utafiti wao wa wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha nafuu kubwa zaidi kwa waliohudhuria vikao hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Katika nchi zote mbili walioendesha mazungumzo hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kwa makini, wenye msimamizi wa kumpigia simu jambo linapokuwa zito.

Sisi tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii, tunao walimu wa ushauri na unasihi shuleni, tunao maofisa ustawi wa jamii. Halmashauri zinatoza ushuru wa mazao kwa kila gunia linalotoka. Sioni kwa nini sehemu ndogo ya fedha ya vitunguu isimlipie muuguzi wa afya ya akili nauli ya kushuka Ruaha Mbuyuni siku moja kila wiki, na isiwe siku ya kupakia mizigo, akae kwenye chumba chenye mlango unaofungwa. Chumba chenye mlango, nasema, kwa sababu kijana wetu alifukuzwa na sauti ya mtu mmoja tu kwenye foleni. Na vijana wanaoendelea vizuri wafikiriwe kwenye ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, maana aliyeacha bangi huku hana kazi ana saa nyingi mno za kujaza.

Mama alinipigia simu mwezi uliopita. Hakumfunga. Alimwomba radhi mwanawe kwa ile siku aliyomwambia aache uongo, na kijana akakubali kwenda hospitali nyingine, ambako hakuna aliyemjua. Ameenda mara tatu. Mara ya kwanza hakusema kitu, alitazama sakafu. Mara ya pili alikuwa ameshakunywa, wakampangia tarehe nyingine. Mara ya tatu alimwomba mama asubiri nje, akakaa ndani karibu saa nzima. Anavuta bado, lakini si kila siku, na usiku wa juzi alilala bila kuvuta. Kikao cha nne kinaangukia wiki ya kuvuna, wiki yenye fedha kuliko zote, na mama ana hofu nayo. Amekwenda kwa tajiri wa vitunguu kumwomba malipo ya kijana yaingie kwenye simu yake yeye. Tajiri amesema atafikiria.